Mfereji wa Ami

Ami yangu hazungumzi siasa mpaka afungue mfereji wa jikoni. Ujanja huo aliupata alipokuwa mwanafunzi Moscow, miaka ya mwisho ya Usovieti, wakubwa walipotangaza uwazi na mageuzi ya uchumi. Maji yakimwagika kwa kelele, anayesikiliza ukutani haambulii kitu. Sasa anaishi Croydon, ghorofa ya pili, na ukutani kwake hakuna kitu ila kalenda ya msikiti.

Mimi nilimhitaji. Tasnifu yangu ilihusu uwazi ule, na mwalimu alitaka sauti ya mtu aliyeuona, kabla ya Jumatatu. Nilikuwa na rekodi tatu kwenye simu. Zote tatu maji matupu.

"Ami, uwazi gani huo wa kujificha nyuma ya maji?" nilimwuliza Jumamosi, tulipojaribu mara ya nne.

"Walisema, semeni," akajibu, akifungulia zaidi. "Hawakusema mpaka lini."

Mkewe akapita na kikapu cha nguo. "Mwanamme wewe, nchi yenyewe imeshakufa! Unamwogopa nani, maiti?"

Hakuna aliyeona kuwa wali wa jana umeziba tundu la sinki. Tulijua maji yalipofika kwenye soksi zangu, na mara mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chini, bibi wa Kilithuania, nywele zimemlowa upande mmoja, anatukana kwa Kirusi. Ami akaomba radhi kwa lugha hiyohiyo.

Bibi akacheka, akaingia, akafunga mfereji kwa mkono wake mwenyewe, akavuta kiti.

Walizungumza saa nzima. "Foleni, mwanangu!" Ami alinirushia. "Unaingia kwanza, ndiyo unauliza kinauzwa nini! Nilisimama tangu asubuhi, nikarudi bwenini na kofia tatu za sufu, za watoto wachanga! Na mimi hata mchumba sina!" Akanisahau tena, akapanda juu ya kiti, akaigiza sijui nani akihutubia, bibi anapiga meza kwa kiganja, machozi yanamtoka. Mke wa ami hakuelewa neno hata moja, naye alikuwa amekalia kikapu chake anacheka tu. Hata mimi, nisiyeamini kitu mpaka nione tanbihi, nilishika mbavu. Simu ilikuwa inarekodi.

Ndani ya treni ya kurudi nikasikiliza. Sauti safi, hakuna hata tone la maji. Na karibu yote Kirusi.

Nikampigia palepale. "Ami, nifasirie, nakuomba. Kesho kutwa ndiyo Jumatatu!"

"Njoo kesho," akasema, kicheko hakijamwisha. "Tutazungumza kavukavu. Huyu mke wangu kang'oa kishikio cha mfereji, kakitia mkobani mwake."

Nikacheka kwa nguvu mpaka aliyekaa karibu yangu akahama kiti.