Mbuzi Tuliyemla

Nyinyi wasichana na vijana wa kiume mnaosoma hii, sitawabembeleza. Kaeni, msikie kosa langu.

Siku hiyo nilikuwa bado kwa baba yangu, huku Lanet, sijaolewa. Dada yangu mkubwa Njeri, aliyeolewa na mvuvi kule Kamere, akaingia na mtoto mgongoni, jicho limefura. Hata kiti sijampa, nikamuuliza, “Ulimfanya nini?”

“Nilichelewesha chai.”

Nikacheka. “Si wewe tangu zamani unatembea kama kobe!”

Yeye hakucheka.

Desturi ilikuwa hivi: mke akipigwa akimbilie kwao, mume analeta mbuzi, wazee wanamla, mke anarudishwa. Shemeji akaleta beberu mnono. Supu nilikoroga mimi. Wazee waliuliza kama nyama ina chumvi. Yule mwanaume hakuulizwa kitu.

Njeri akasema, “Baba, huyu ataniua.”

Baba akapangusa mafuta mdomoni. “Mbuzi ameshaliwa, mwanangu.”

Njeri akarudishwa. Haikupita miezi mitatu, majirani wakampeleka hospitali, mkono umevunjwa mahali pawili. Ulipona ukiwa umepinda, na mpaka leo hawezi kujifungia leso. Tulipofika wodini akageuza uso ukutani. Tukaanza kulia. Nyanya yetu akatutazama mmoja mmoja, akasema, “Mnalia nini? Si mlishiba?”

Wanangu, chai haikuvunja ule mkono. Aliyeuvunja ni mwanaume aliyelelewa akiambiwa mke ni mali yake, na sisi tukamwonyesha kwamba akipiga, hasara ni mbuzi tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe huanza mapema, kijana akinyang’anya msichana simu ajue anaongea na nani, na marafiki wakimsifu eti ndiye mwanaume kamili. Kijana, hasira kila mtu anayo, hata mimi ninayo nyingi, lakini mkono ni wako, ushike. Na wewe msichana, akikupiga halafu akwambie ni mapenzi, huyo anakudanganya. Ondoka mapema, useme, usione aibu. Aibu ni yake.

Mungu awape nyumba za kuchekea, na awape wazee wenye masikio.

Nilipopata boma langu, niliwaketisha mume wangu na watoto nikawaambia hivi: msichana wetu akirudi amepigwa, afunguliwe mlango, apelekwe hospitali, halafu polisi. Wazee wataitwa baadaye.