Kutafuta Mmea Unaokula Nzi, Bengamisa

Niliondoka Kisangani kwa sababu ya mdomo wangu. Nafundisha biolojia huko mjini, mtaa wa Kabondo, na niliwaambia wanafunzi kwamba kuna mmea unaokula nzi. Kesho yake baba mmoja akaja kulalamika kwamba nafundisha uchawi. Prefe, mkuu wetu wa shule, akaniita.

"Madame, lete huyo mumea, ama uombe wazazi pardon."

Jumamosi asubuhi nilivuka daraja la Tshopo nyuma ya pikipiki ya tonton Dieudonné, mdogo wa mama yangu, nikiwa nimekumbatia beseni. Njiani aliniuliza mara tatu kama mmea huo unauma watu.

Saa tano tukafika Bengamisa kwa Mama Eugénie, mkulima rafiki wa mama. Alitupitisha nyuma ya mihogo yake hadi kwenye uwanda wa majimaji usio na mti hata mmoja: ndago, nyasi ngumu, vichaka vya kufika magotini, na chini yake zulia la mimea laini lililonyonya maji kama sponji.

"Hapa nilipanda muhogo," akasema. "Ikatoka kama kidole. Udongo ya hapa iko maskini."

Hatua ya nne ikanizamisha hadi kiunoni. Tonton akaja kunivuta, naye akazama. Mama Eugénie alitutazama kwanza, bila haraka, kisha akaenda kung'oa mlango wa choo chake, akaulaza juu ya matope, tukautambalia.

Nikiwa kifudifudi juu ya mlango, nikauona mmea mbele ya pua yangu: majani madogo mekundu yenye nywele na matone ya gundi, na mbu mmoja amenaswa, anapigapiga mabawa.

"Iko kadogo hivi?" tonton akauliza kwa masikitiko. "Na mimi nilibeba panga."

Alasiri tukarudi mjini, mmea umo ndani ya beseni pamoja na udongo wake, sisi tumekaukiwa na matope mwili mzima.

Jumatatu, Prefe, yule baba na darasa zima waliinamia beseni. Nzi akatua, akanata. Nikaeleza kwamba udongo wa kule hauna chakula, ndiyo maana mmea unajitafutia wadudu. Yule baba akainua uso.

"Donc, kumbe haiko uchawi," akasema. "Iko na njaa tu."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtaalamu. Sikumwambia kwamba nimeufundisha mmea huo miaka sita bila kuuona, na kwamba kule matopeni hata mimi nilishangaa kukuta ni kweli.