Migomba Kando ya Barabara

Kuna asubuhi za Moshi ambazo mlima hutoka wote, kuanzia msitu hadi theluji, halafu kabla hujamaliza kufunga vifungo vya sweta umeshajifunika tena. Kumbukumbu zangu za miaka ile zinanijia hivyo hivyo. Naiona rangi ya ndoo, simwoni aliyeibeba. Nasikia wanawake wakicheka, sikumbuki walichekea nini. Lakini mgomba wa yule mama nauona wote, na panga, na mwandiko wangu kwenye ile karatasi.

Nilikuwa bibi miti wa manispaa. Kwenye barua ya ajira cheo kilikuwa kirefu zaidi, lakini mitaani waliniita hivyo, na mimi nilijifanya sipendi. Ilikuwa miaka ya tisini. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wameanza kung'oa mibuni waliyoachiwa na babu zao na kupanda nyanya, na ofisini kwetu wafanyakazi wa bustani walikuwa wamepunguzwa mpaka tukabaki mimi, mzee mmoja wa kumwagilia na mpira wa maji uliokuwa umefungwa vitambaa kila mahali. Kupanda miti wenyewe hatukuweza tena. Ukaja utaratibu mpya: kikundi chochote cha mtaa kikijiandikisha kitapewa miche, majembe ya kuazima na lori la maji mara moja kwa wiki, na siku ya kupanda kitaletewa mgeni rasmi na kreti za soda. Kazi yangu ilikuwa kuvizungukia vikundi na kuangalia kama miche inaishi.

Mara nyingi haikuishi. Watu walipanda kwa nyimbo na vigelegele, mgeni rasmi akapanda gari lake akaondoka, na mche ukaachiwa jua na mbuzi. Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo. Niliwahi kumfokea mwenyekiti wa kikundi kimoja, mtu wa umri wa baba yangu, mpaka mke wake akaniletea kiti ili nifoke nikiwa nimekaa.

Kikundi cha Majengo hakikunipa sababu ya kufoka. Walikuwa wanawake kama kumi hivi, karibu wote wapangaji wa chumba kimoja kimoja, karibu wote wameteremka kutoka migombani, kama tunavyouita ukanda wa juu huko mlimani. Mwenyekiti wao alikuwa mjane mwembamba aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba, kichwani kitambaa cheupe siku zote. Walipewa ukanda wa ardhi kati ya barabara na karakana za maseremala, mahali pakavu, pa vumbi la mbao. Niliwaandikia mijakaranda. Yule mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama manispaa haina hata mringaringa mmoja. Kwetu mringaringa ni mti wa kivuli cha kahawa, haupandwi kwa ajili ya maua. Nilimtafutia mmoja, akaupanda mwenyewe mwisho wa mstari, siku ile ile ambayo mgeni rasmi alipanda mjakaranda wake bila kuutoa kwenye kifuko cha plastiki. Tuliurudia alipoondoka.

Nilizoea kupita pale jioni jua likipungua, ingawa ratiba haikunitaka. Maranda ya mbao yalikuwa yakiruka, adhana ikisikika kutoka msikitini, wanawake wakimwagilia kwa makopo yaliyotobolewa, na mimi nikikaa juu ya gogo la seremala nikisahau kwamba niko kazini. Ni hapo yule mama alipokuwa akinisimulia mambo yake, kidogo kidogo, bila kunitazama, mikono ikiwa kwenye udongo.

Mume wake alifariki, naye hakuwa na mtoto wa kiume. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kikachukuliwa na shemeji. Hakufukuzwa kwa maneno. Siku moja tu alikuta kitanda chake kimehamishiwa jikoni, akaelewa. Kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba chake, katikati ya migomba yake, na mume wake amelala hapo, chini ya mgomba wa mshare alioupanda mwenyewe wakati wa uchumba.

"Nilikwenda kumsalimia pale kaburini," aliniambia. "Mke wa shemeji akanipokea mlangoni, akanikaribisha chai. Nyumbani kwangu mwenyewe, mwanangu, alinikaribisha."

Nilisema pole.

"Mimi chai sina shida nayo," akasema. "Nawaza tu siku yangu ikifika watanilaza wapi. Pale hawatakubali."

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua, na toka siku hiyo likaanza kunisumbua na mimi.

Mvua za vuli zilipokatika nilikwenda mkoani Dar es Salaam kwa mafunzo, nikakaa wiki kadhaa. Niliporudi na kufika Majengo, nilidhani nimekosea mtaa. Pembeni ya kila mjakaranda palikuwa na mgomba. Si vichipukizi vya kuhurumia. Ilikuwa migomba ya kimo cha kiuno, majani yameshafunguka, mashina yamezungushiwa samadi na majivu. Walikuwa wamekwenda gulioni Kwa Sadala, wakaomba machipukizi kwa ndugu na jamaa, wakayabeba kichwani mpaka kwenye gari. Miche ya manispaa ilikuwa imesimama katikati ya majani hayo mapana, mibichi kuliko miche yote ya mji.

Nilijua papo hapo walichofanya. Mtu wa migombani haachi mche mdogo uchi juani. Anauweka chini ya mgomba ukue hapo, kama tulivyokuzwa sote. Na nilijua pia kwamba sheria ndogo ilikataza mazao kando ya barabara za mjini.

"Mama, shikamoo," nilisema. "Haya ni mazao."

"Marahaba. Mazao yako wapi?"

"Migomba, mama."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu, wewe umezaliwa wapi? Hicho ni kivuli."

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka. Akanishika mkono akanipeleka mwisho wa mstari. Pembeni ya mringaringa palikuwa na mgomba mmoja mdogo kuliko yote, shina jembamba, la wekundu kidogo. Alikuwa amepanda mlimani mpaka kwa shemeji yake na kuomba kitu kimoja tu, chipukizi la ule mshare wa kaburini, na shemeji hakuona sababu ya kumnyima kitu kidogo hivyo. Aliuteremsha ameufunga kwenye khanga. Aliponionyesha aliushika kwa vidole viwili, taratibu.

Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametokea mkoa wa mbali, nchi ya mtama na ng'ombe, na alipenda miti iliyonyooka kwenye mstari. "Nikiruhusu migomba leo, kesho nitaruhusu mahindi," alisema, na kwa upande wake alikuwa na haki. Wageni kutoka shirika lililotusaidia vifuko na mbegu walikuwa wanakuja kukagua. Wakikuta shamba badala ya miti, kikundi kingefutwa kwenye orodha, lori la maji lisingekwenda tena, na jua la Februari lingemaliza kila kitu, mringaringa na mgomba kwa pamoja. Akanituma niandike notisi.

Nilikaa mezani mchana mzima. Nje ya dirisha mlima ulikuwa umejifunika, na mimi nilikuwa naisikia harufu ya majani ya migomba yaliyolowa, ambayo haikuwepo pale ofisini kabisa. Hatimaye niliandika kwamba kikundi kinatakiwa kukata migomba yote kabla ya siku ya ukaguzi. Kukata. Bosi alisoma, akaweka saini.

Kila aliyekulia kwetu anajua kwamba mgomba hauuawi kwa kuukata. Uhai wake uko chini, kwenye tunguu. Ukiukata leo, kesho moyo wake unajisukuma kutoka katikati ya shina kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukitaka kuuondoa, unachimba. Mpaka leo sijui kama niliandika vile kwa kusahau au kwa kujua. Nimejiuliza mara nyingi, na kila ninapojiuliza najipa jibu linalonipendeza siku hiyo.

Nilipeleka karatasi mwenyewe. Yule mama hakujua kusoma vizuri, akampa jirani yake aisome kwa sauti. Nilijiona mdogo, nikaona aibu, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilirudi. Walikuwa wamekata yote, na kama ilivyo desturi hawakutupa kitu. Mashina wameyapasua wakayalaza kuzunguka kila mche, upande wa ndani ukitazama chini, ili maji yaliyomo yadondokee mizizi polepole. Umebaki mmoja tu, ule wa mringaringa. Yule mama alikuwa amesimama karibu nao, panga mkononi, na wenzake wamekaa mbali wakimwacha.

"Mkono umekataa," aliniambia.

Nililichukua panga. Sikuona mtu mwingine wa kumwachia. Shina lilikuwa laini, likaanguka kwa pigo moja, na maji yake yakanirukia kwenye gauni la kazini; doa lile halikutoka kamwe. Alipasua shina mwenyewe, akalilaza chini ya mringaringa, akapiga magoti akalisawazisha kwa viganja. Nililia. Nasema wazi kwa sababu wakati ule nilimwambia ni vumbi la maseremala.

Kesho yake wageni walikuja wakiwa wamevaa kofia. Mstari ulikuwa safi, mijakaranda imesimama kama wanafunzi, na bosi akatembea mbele mikono mgongoni. Nilitembea nyuma nikitazama chini. Kwenye kila kisiki cheupe moyo ulikuwa umeshaanza kuchomoza, hapa kidole kimoja, pale viwili, kijani changa kabisa. Hakuna aliyeona, au hakuna aliyejua anachokiona. Tulipofika mwisho, yule mama alikuwa amesimama pembeni ya mringaringa, gauni lake refu limegusa ardhi pande zote. Bosi akamwita aje kwenye picha.

"Miguu inaniuma, mzee," alijibu. "Nipigeni nikiwa hapa hapa."

Wakaja wote wakamzunguka, wakapigwa picha hapo. Picha hiyo ilining'inia ofisini kwetu miaka mingi. Bosi amesimama karibu naye, ametabasamu, na chini ya lile gauni uko mgomba.

Kikundi kilibaki kwenye orodha. Lori la maji liliendelea kwenda, na masika yalipoanza migomba ilikuwa imerudi kimo cha kifua. Bosi alipita pale siku moja kwa gari, akapunguza mwendo, akaongeza. Hakuniuliza, sikumwambia. Miche ilipopata nguvu wanawake wenyewe waliing'oa migomba mmoja mmoja, kwa kuchimba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Ule wa mwisho hawakuugusa.

Miaka ikapita, sijui ilipitaje. Mijakaranda ikaanza kumwaga maua ya zambarau juu ya maranda ya maseremala, na mimi nikapanda cheo nikapewa kiti cha kuzunguka. Watu wanaoegesha baiskeli chini ya mringaringa walidhani umekuwepo tangu enzi za Wajerumani. Mgomba pembeni yake ulizaa, ukakatwa, ukazaliwa upya kutoka ubavuni, mara ngapi sijui. Mkungu ukiiva yule mama alikata ndizi akazigawa mtaani, na mimi nikaletewa zangu ofisini ndani ya kapu, zimefunikwa khanga.

Alifariki siku ya kawaida, katikati ya wiki. Wazee wa ukoo walipelekewa habari migombani, na jibu likarudi kwamba wamepata habari za msiba na wanaungana nasi, ila nafasi pale kihambani ni finyu. Walilisema kwa adabu. Akazikwa kwenye makaburi ya manispaa, safu ya tano, mchungaji akisoma haraka kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea. Nilisimama nikiwaza yale aliyoniambia, kwamba watamlaza wapi. Kumbe ni hapa, nilijisemea, kati ya watu asiowajua, na moyo ukaniuma.

Baada ya siku tatu wanawake wa kikundi walinipitia ofisini. Mmoja alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye khanga, kirefu kama mtoto mchanga, na ncha nyekundu imetokeza. Hawakuniomba chochote. Nilichukua ndoo, nikafunga ofisi, tukaenda.

Mlinzi wa makaburi alikuwa kijana wa ajira mpya. Alitusimamisha getini, akafungua daftari lake. Alijua sheria ndogo vizuri kuliko mimi nilivyozijua nilipokuwa na umri wake.

"Shikamoo mama," alinisalimia, kisha akauliza, "samahani, huo ni mgomba? Humu mazao hayaruhusiwi."

Wenzangu walinitazama. Mlima ulikuwa umefunguka nyuma yao.

"Hicho ni kivuli," nilimwambia.

Alinitazama, akatazama ndoo, akaandika. Tukapita.