Nilimrudisha Mke Wangu Kwao kwa Sababu ya Jicho Lililocheza

Barua hii tumeletewa na msomaji wetu mmoja wa milima ya Masisi, Kongo. Jina lake tunalijua sisi peke yetu, na majina ya wengine ameyabadili. Isomeni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na minane, mkulima wa maharagwe na muhogo hapa Kibabi. Nina mtoto mmoja wa kike, Zawadi, wa miaka mitano. Mke sina. Nilikuwa naye, nikamfukuza mwenyewe, na tangu siku ile sina raha.

Nilimwoa Mama Zawadi mwaka uliofuata uhuru. Kwao ni Kashebere, upande wa Walikale. Alikuwa mpole, hodari wa jembe, na mcheshi tukiwa wawili. Baada ya kujifungua, kope ya jicho lake la kushoto ikaanza kucheza. Mwanzoni tulicheka. Watu husema kope ya juu ikicheza utaona mgeni, ya chini ikicheza utalia. Yeye alikuwa akinitania, "Mugeni gani huyu hafikake?" Lakini miezi ikapita, jicho likawa linafumba lenyewe, shavu linavutwa, pembe ya mdomo inapanda. Hata akisinzia mchana kando ya shamba niliona shavu linaruka. Niliona kwa macho yangu, na bado sikuelewa.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni. Akimpelekea chakula hupiga magoti na kumgeuzia shavu. Kwa jinsi mlango wa baba ulivyokaa, shavu alilomgeuzia lilikuwa la kushoto, kila siku. Heshima yake ndiyo iliyomponza. Baba ni mzee wa kanisa. Siku moja aliniita, sahani iko mbele yake hajaigusa.

"Muke yako iko ananikonyeza," akasema. "Mimi, baba yako."

Nilimwuliza mke wangu. Akaniambia, "Papa Zawadi, hii jicho inacheza yenyewe. Siwezi kuizuiya." Nilitaka kumwamini, ila aibu ilinishinda. Nikampeleka kwa mzee mmoja anayechanja, akamkata chale tatu shavuni na kupaka majivu. Hakulia. Jicho halikuacha. Basi nikamwamuru afunike upande ule kwa kitambaa, akatii. Mwaka mzima alilima amejifunika kama mtu anayeumwa jino.

Kilichotuvunja ni mtoto. Zawadi alipofika miaka miwili, kila akitaka kusema kitu alianza kwa kufumba jicho la kushoto na kupandisha mdomo. Mama yangu alipomwona akashika kichwa. Wazee wetu wakakaa kikao, wakakata shauri kwamba kile kitu, pepo kwa maneno yao, kimeingia kwa mtoto kupitia maziwa, na mama aondoke kabla hakijakomaa. Mimi nilikaa kimya. Hiyo ndiyo dhambi yangu, siizungushi. Kesho yake nilimsindikiza mke wangu njia ya Kashebere na kikapu chake, mtoto akabaki kwa bibi. Tulipoagana alinipa agizo moja.

"Akikataa kula, mumupe ndizi ya kuchoma," akasema. "Mboga ya sombe hapendake."

Mtoto alilia wiki nyingi. Bibi yake akachoka, akamwambia mama yako amekufa, yuko mbinguni. Nilisikia na sikukanusha. Muda si muda Zawadi akaacha kufumba jicho, na nyumbani wakamshukuru Mungu.

Msimu uliopita nilijikata mguu kwa jembe, nikaenda dispanseri. Mbele yangu alikaa baba mmoja ambaye shavu lake lilikuwa linaruka vilevile. Nilimsikia muganga wa pale akimwambia, "Hii haiko pepo. Iko mushipa wa sura, unashtuka wenyewe. Ukichoka, ukikosa usingizi, ukiwa na wasiwasi, unazidi. Dawa ya kuimaliza sina, lakini hizi vidonge zitatuliza kidogo. Na usikubali mutu akuchanje."

Zamu yangu ilipofika nilisahau mguu. Nilimweleza habari za mke wangu, na za mtoto.

"Mutoto anaigaka sura ya mama yake," akasema. "Njo sura alikuwa anaona akinyonya. Ulitaka aige ya nani?"

Nilikwenda Kashebere kabla kidonda hakijapona. Nilimkuta anauza muhogo kando ya barabara, usoni hana kitambaa. Hajaolewa tena. Nikamweleza yote ya muganga, nikalia mbele ya wapita njia. Yeye aliendelea kupanga mafungu yake.

"Nilikuambiaka ile siku," akasema. Halafu akaniuliza, "Zawadi ananiulizaka?"

Nikajibu ndiyo. Hapo, ndugu zangu, nilimdanganya tena. Zawadi haulizi. Kila jioni anapiga magoti na kumwombea mama yake apumzike kwa amani, kama bibi alivyomfundisha.

Mama Zawadi akafuta mikono. "Mambo ya wewe na mimi nitaona. Kwanza uniletee mutoto wangu. Maharagwe ikishavunwa, nitawangojea hapa."

Baba amesema nikimpeleka mtoto nisirudi kwake, na shamba ninalolima ni lake. Hilo nimekwisha kulijibu moyoni: nitakwenda, hata kama itabidi nilime kwa watu. Maharagwe yamekauka, zimebaki wiki mbili. Kinachoninyima usingizi ni safari yenyewe. Nitamshika mtoto mkono tuteremke mlima, naye ataniuliza tunakwenda kwa nani. Nimwambie mama amefufuka? Au nimwambie kweli, kwamba mimi na bibi yake tulimzika mama yake akiwa hai? Na nikishamwambia hivyo, ataukubali tena mkono wangu? Nishaurini, baba na mama zangu. Nimwambie nini mtoto huyu njiani?