Kitambaa Kilicholala Nje

Tarehe mosi Februari. Usiku manyunyu, alfajiri yakakatika, na jua lilipotoka majani yote ya kijiji chetu cha Mitole yalikuwa yanafuka mvuke. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la mwaka ule, na chini yake nimeongeza: leo nimeharibu kitu cha watu. Mimi ni wa darasa la saba, siandiki vizuri, na baadhi ya maneno ya siku ile huenda nayapanga vibaya. Nitajitahidi kuyasema kama yalivyokuwa.

Ni miaka ile ambayo ruksa ya biashara ilikuwa imeshashika. Sabuni ya unga, ambayo nyuma kidogo tulikuwa tunaisikia kwa watu wa Dar, sasa ilining'inia dukani kwenye vipakiti. Naitaja kwa sababu iliingia katika kosa langu. Nilikuwa nafua na kufanya usafi kwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa Ayalandi. Tulimwita Sista kama tunavyowaita wauguzi wote, ingawa hakuwa mtawa.

Nyumbani kwangu alikuwapo mama, na mdogo wangu aliyetoka kwa mumewe, kijiji cha Rutamba, akiwa na mimba ya miezi saba. Watoto wake wawili wa mwanzo aliwazaa kabla ya siku zao, katika mwezi huohuo wa saba, na hawakuishi. Hatukulizungumza. Ila mlango ulifungwa polepole, na hakuna aliyemtuma maji.

Asubuhi hiyo nilipofika kwa Sista alikuwa ameshakwenda zahanati. Kwenye ua nikaona kitambaa cheupe, cha ukubwa wa mtandio, kimeteleza kutoka kichakani mpaka chini. Kimelowa, na kuku ameacha nyayo za matope juu yake. Nikashtuka. Kwetu nguo hailali nje. Usiku una wapitaji wake, na hujui nani kaishika nguo yako wala kaifanyia nini. Mama yangu akikuta nepi imesahaulika kwenye kamba baada ya magharibi, huiondoa huku akisoma dua. Nikaona Sista kasahau, nikaona nimsitiri. Nikakifua kwa sabuni mpya, mara mbili, nikakianika, kikapigwa pasi ya mkaa mpaka kikasimama chenyewe.

Jikoni nikakuta jivu limetandazwa mbele ya mafiga, limelainishwa kwa kiganja kama unga kwenye ungo. Nikasema, leo kaniandalia. Nikalichota lote nikasugulia sufuria.

Sista akarudi saa saba. Akaenda moja kwa moja jikoni, akainama.

"Mama, jivu langu liko wapi?"

"Liko kwenye sufuria, Sista. Hebu tazama zinavyong'aa!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, "Hukuona alama ya mguu?"

"Mguu wa nani tena? Wa kuku nimeuona, kwenye kitambaa."

Hapo kicheko kikakatika. Nikampa kile kitambaa, kimekunjwa mara nne. Akakinusa. Harufu ilikuwa ya sabuni tupu.

Akaketi, akanieleza, na mimi nikaketi. Kwao, usiku wa kuamkia tarehe mosi Februari, hupita mtakatifu mmoja wa kike, mlinzi wa ng'ombe, wa moto wa jikoni na wa wanawake wanaojifungua. Watu humtandazia jivu, asubuhi watazame kama ameacha unyayo. Humwachia kitambaa nje, akiguse apitapo. Kitambaa hicho hakifuliwi. Hutunzwa, na mwenye kichwa kinachouma hufungwa, na mwanamke mwenye uchungu huwekewa. Wengine husuka msalaba wa manyasi ya kinamasini wakauweka juu ya mlango, nyumba isiungue.

Nilipaswa kuomba radhi na kunyamaza. Lakini mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nikamuuliza, mbona sikukuu yenyewe iko katikati ya baridi yenu? Akasema huo ndio mwanzo wa kuchipua, kondoo wanaanza kutoa maziwa. Mwezi wa tano, wasichana hunawa uso kwa umande wa alfajiri wapate uzuri. ("Na wewe ulinawa?" "Nilinawa." "Ikasaidia?" "Unanitazama, sema mwenyewe!") Kabla ya mfungo wao hukaanga chapati za maji kumaliza mayai, na kwa jirani zao Waingereza wanawake hushindana mbio na kikaango mkononi, wakiirusha chapati juu. Mwisho wa Oktoba hutoboa mizizi mikubwa mfano wa figili, wakaichonga macho, wakatia taa ndani, na vijana hupita milangoni wamevaa sura za kutisha.

Nilitaka kucheka watu wazima kuichongea macho figili. Kisha nikakumbuka kuwa mama yangu alikulia Kivinje, na siku ya mwaka walikuwa wakienda kuoga baharini alfajiri na kumwaga jivu la mwaka uliopita. Nikaona sina haki ya kucheka. Kilichonishangaza ni usiku tu. Usiku ule ule tunaouogopea nguo zetu, wao wanautegea nguo zao.

"Kilikuwa cha nani, Sista?" nikauliza.

Akakilaza kitambaa mapajani. "Cha mdogo wako. Nilitaka awe nacho siku yake itakapofika."

Nikamuuliza kama baraka imetoka na matope.

"Bibi yangu angesema umeifua," akasema. "Mimi sijui, kwa kweli. Mpelekee hivyo hivyo, akikitaka."

Njia nzima nilijadiliana na nafsi yangu. Nikimpa bila kumwambia kilipolala, nitakuwa nimemdanganya mwenye mimba. Nikimwambia, ataogopa, na hofu ndiyo tuliyokuwa tunamkinga nayo miezi yote. Nilisimama kwenye mikorosho kitambo. Mwisho nikaona mwili ni wake.

Nikamweleza yote, mama akiwa anasikia.

"Kililala nje?" mdogo wangu akauliza, mkono umeshafika tumboni.

"Kililala. Makusudi."

"Dada, na wewe unaniletea!"

"Nimekufulia kwanza. Bila kujua."

"Kwa sabuni gani?"

"Ile ya unga. Mara mbili. Na pasi."

Akamtazama mama. Mama akakipokea, akakigeuza, akasema, "Mtakatifu wao simjui. Ila mtu kakesha akimwombea mwanangu, hilo nalijua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiyo mara ya kwanza usafi wako umefaa."

Mdogo wangu akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu alipokuja. "Kingekuwa hakijafuliwa nisingekigusa," akasema. "Kilete."

Mpaka leo sijui nisemeje. Kama nisingekosea, asingekipokea. Na huenda kwa kukosea nilimpelekea kitambaa kitupu. Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, mzima, kitambaa kikiwa kwenye mto wa mama yake. Lakini Sista alimpima mdogo wangu kila wiki na kumnywesha vidonge vya kuongeza damu mbele ya macho yake, kwa hiyo siwezi kukipa kitambaa sifa zote, wala siwezi kukinyima.

Hayo ya mtoto ni ya baadaye. Jioni ile Sista alikuja mwenyewe, kopo la siagi kwapani, akamwamkia mama shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kudai jivu lako?"

Sista akasema kwao jioni hiyo hula viazi vilivyopondwa, vyenye maziwa, vitunguu na shimo la siagi katikati. Viazi hatukuwa navyo. Tukachemsha muhogo, mdogo wangu akauponda mwenyewe, hatukumzuia, na Sista akachimba shimo kwa kijiko akatia siagi. Tukala kwa dagaa wa kukaanga, sinia moja, na shimo la siagi akaachiwa mdogo wangu.