Siku Tuliyowachagulia Mapacha Masomo

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua hapa Guangzhou ambayo kila nikiikumbuka natabasamu kabla sijajua ninatabasamia nini. Ni ya zamani. Wewe hujazaliwa, na huyu bibi unayemwona na mvi zake alikuwa binti mwembamba kutoka Tanga, mwanafunzi wa chuo kikuu, akitembea na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja na kujiona ameshaijua dunia.

Umeniuliza uchukue masomo gani ukirudi nyumbani kuanza sekondari. Nimelibeba swali lako tangu juzi, na kila nikitaka kulijibu naona nyuso za watoto wawili wa Kikongo. Basi niache nikupeleke kwao kwanza.

Miaka ile sisi wa Afrika Mashariki tuliosoma hapa tulikuwa wachache, tukijuana kwa majina na kwa mapishi. Idi tulikula pamoja, Krismasi tulikula pamoja. Mimi Jumamosi nilikuwa nafundisha hesabu mapacha wa mfanyabiashara mmoja kutoka Lubumbashi, Papa Kalenga. Mkewe alifariki wasichana hao wakiwa wadogo, na badala ya kuwaacha kwa ndugu akaja nao huku alikokuwa akinunua vitambaa. Mmoja aliitwa Esta, mwingine Beatrisi. Walisoma shule ya mtaani, wakakua wakizungumza Kichina cha shuleni na Kikantoni cha sokoni, na nyumbani Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Vitanda vyao vilikuwa viwili, lakini walilala kimoja.

Beatrisi alipenda hesabu. Ukimpa moja anakuomba nyingine. Esta alikaa kimya, akaandika alichoambiwa, akafuta, akaandika tena. Somo likiisha ndipo uso wake unafunguka, na hapo atakusimulia alichosema mama wa duka la chini, kwa sauti yake mama huyo, mpaka ucheke.

Mwaka ule walikuwa wanamaliza darasa la nane, na baba yao alikuwa ameshaamua warudi Lubumbashi kwa shangazi yao. Huko, kama ilivyo kwenu sasa, mtoto anapoingia sekondari ya juu huchagua mchepuo: sayansi, biashara, ualimu au lugha, na miaka inayofuata anakwenda nao. Papa Kalenga aliamua wote wawili waingie sayansi, darasa moja.

"Mama yabo aliniachiaka babili," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, yaani mama yao alimwachia wawili. "Siwezi kubatenganisha."

Nani angeweza kubishana na mgane juu ya watoto wake?

Sasa, katika Wakongo waliokuja kununua bidhaa hapa alikuwapo mama mmoja mrefu, mkubwa wa umbo na mpole wa sauti, jina lake Veronika. Huko kwao aliongoza shule ya wasichana mpaka akastaafu, kisha akafungua karakana ya kushona sare za shule. Mkuu wa shule wao humwita prefe, kwa hiyo kila mtu hapa alimwita Mama Prefe, hata wale waliomzidi umri. Kila alipokuja Guangzhou alikula kwa Papa Kalenga, na mapacha walikuwa wakimzunguka kama vifaranga na mama yao.

Jumamosi hiyo Mama Prefe alitaka kitambaa cha buluu cha sare, na Papa Kalenga akaniomba somo lisubiri, twende wote soko la Zhongda kumsaidia. Unalijua leo, mwanangu, lakini hukuliona wakati ule. Vichochoro vilijaa vijana waliobeba majora mabegani wakipiga kelele tuwapishe, maji ya mvua yakitiririka kati ya miguu yetu, na harufu ya nguo mpya mpaka kichwa kinauma. Siku hizi wenye maduka wanakuonyesha picha kwenye simu. Zamani ilibidi uguse.

Tulikuwa kwenye duka la tatu au la nne Mama Prefe akivuta kitambaa kuona kama kinatanuka, mara tukasikia mtu anaugulia maumivu duka la jirani. Alikuwa mama mwingine wa Kikongo, Mama Joli, mjamzito wa miezi mingi, aliyekuja peke yake kununua mzigo wake wa mwisho kabla ya kurudi kujifungua. Alikuwa amekaa juu ya majora, jasho linamtoka, ameshika tumbo. Laoban wa duka, yaani mwenye duka, alisimama mbele yake amenyoosha mikono asijue amshike au asimshike.

Tuligawana teksi mbili mpaka hospitali. Nilidhani kazi ya kutafsiri itakuwa yangu, mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu. Lakini Kichina changu kilikuwa cha vitabuni, na muuguzi aliyetupokea alikuwa akizungumza Kikantoni kwa kasi ya mvua ile. Kabla sijafungua mdomo, Esta alikuwa ameshamjibu.

Akaingia ndani na Mama Joli, mimi na Papa Kalenga tukaingia nyuma yao. Alisimama upande wa kichwa cha Mama Joli akamshika mkono. Daktari alipouliza jambo ambalo mwanamke hawezi kulijibu mbele ya mwanamume asiye wake, Esta hakulitafsiri. Aligeuka kwanza akamwambia baba yake, kwa adabu, "Papa, tafazali tusubirie inje." Daktari aliposema neno gumu, hakulirusha tu kwa mgonjwa. Alimwomba alirudie, akalifikiria, ndipo akalisema kwa Kiswahili ambacho hata mama yangu Tanga angekielewa. Na Mama Joli aliponong'ona, katikati ya maumivu, kwamba tangu jana mtoto amenyamaza tumboni, mimi nililisikia kama maneno ya mtu anayelalamika. Esta alilichukua akampelekea daktari vilevile lilivyo. Uso wa daktari ukabadilika. Wakamsukuma Mama Joli kwenda chumba cha upasuaji mbio, na sisi tukabaki ukumbini.

Beatrisi alikuwa ameketi dirishani. Alikuwa amekiona kile chombo kinachosikiliza moyo wa mtoto, na kwa kidole, juu ya kioo kilichopata ukungu wa mvua, alikuwa akichora mistari yake, akiniuliza chombo kinasikiaje kupita ngozi.

Mtoto alitolewa mzima. Msichana, mdogo kama kiganja, lakini alilia, na Mama Joli alipozinduka alimtafuta Esta kwa macho kabla ya kumtafuta mtu mwingine.

Tukaenda kula tambi kwenye kimgahawa cha Waislamu karibu na hospitali. Papa Kalenga alikuwa mtu mwingine kabisa. Nadhani kile chumba kilimkumbusha mkewe, na safari hii kilimpa habari njema. Alimshika Esta bega.

"Mumeona? Huyu ni docteur. Mungu mwenyewe ameonyesha. Bote babili sayansi, imekwisha."

Tulifurahi naye. Wenye meza za jirani walitutazama. Esta alikuwa ameinamia bakuli lake.

Mama Prefe aliweka kijiko chini. "Papa," alisema, "mutoto ulimuuliza?"

"Nimuulize nini, Mama Prefe? Tuliona na macho yetu."

"Tuliona nini?"

Mama Prefe akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ulikuwa ndani. Uliona nini?"

"Nilimwona akimsaidia mgonjwa," nikasema.

"Alimusaidia na nini? Na dawa?"

Nikafikiri. "Hapana, Mama. Kwa maneno."

"Na maneno," akarudia, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akamwinamia Esta, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. "Mwanangu, kule ndani ulitaka kukimbia wakati gani?"

"Nilipoona damu," Esta akasema. "Miguu yangu ilikuwa inatetemeka."

"Na ulitaka kubaki wakati gani?"

Esta akakoroga tambi zake. "Wakati docteur alisema, sasa naelewa."

Mama Prefe akamuuliza kwa nini basi alikubali sayansi, na Esta akasema, bila kuinua kichwa, "Juu ya Bea," yaani kwa ajili ya dada yake.

Beatrisi aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mimi sikukuomba," alisema. "Kila jioni unalia na hesabu. Mimi nilifikiri unazipenda hivyo hivyo." Akaanza kulia yeye, na Esta akamfuata, na Papa Kalenga akabaki katikati akimtazama huyu na yule.

"Nikibatenganisha nitamwambia nini mama yabo?" alisema mwishowe, na nilimwonea huruma sana.

Mama Prefe hakumpandishia sauti. Alisema tu, "Papa, mama yabo alikuachia babili. Hakukuachia mumoja."

Usidhani mambo yaliishia pale, kwamba mtu mzima alisema neno zuri na kila kitu kikanyooka. Papa Kalenga alinuna wiki nzima. Mama Prefe aliahirisha kufunga mzigo wake akakaa na wale wasichana, siku moja na Esta peke yake, siku nyingine na Beatrisi peke yake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifanya. Beatrisi ndiye aliyebanwa zaidi na maswali yake. Nilimuuliza Mama Prefe kwa nini, maana Beatrisi alikuwa na hakika. Akanijibu kwamba ndiyo sababu. Alikuwa amefundisha wasichana wengi waliopewa hakika na watu wengine, wakaivaa mpaka ilipowabana. Kwa Papa Kalenga alitaka jambo moja tu: shule iwe moja yenye michepuo yote miwili, sayansi kwa Beatrisi na lugha kwa Esta, ili watoke nyumbani pamoja asubuhi na kurudi pamoja, na iwe shule isiyomfukuza mtoto akiomba kubadili.

Papa Kalenga akakubali. Siku walipoondoka nilikwenda nao uwanja wa ndege, nikarudi peke yangu, na Jumamosi iliyofuata sikujua niende wapi.

Shangazi yao alitusimulia kwa simu kwamba muhula wa kwanza Esta alilia kila mapumziko mpaka dada yake atokee. Halafu akaanza kusahau kulia. Beatrisi, yule ambaye sote tulikuwa na hakika naye, alidumu mwaka mmoja tu kwenye sayansi. Kemia aliichukia. Akaomba kwenda ufundi wa umeme, ikambidi arudie mwaka, na baba yake, aliyebaki huku, akapiga kelele kwenye simu mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakamsikia. Alipomaliza kupiga kelele akamruhusu. Leo Beatrisi ana kazi Kolwezi, anafunga mitambo ya umeme, na ana wanaume chini yake wanaomwita mama. Esta alikosa chuo mara ya kwanza, akapata mara ya pili. Sasa ni mkalimani Lubumbashi. Kunapokuwa na Mkongo na Mchina mbele ya hakimu, ndiye anayeitwa. Akinipigia simu tunaanza kwa Kiswahili, tunapita Kichina, na hatujui tulivukia wapi.

Papa Kalenga hayupo tena, wala Mama Prefe. Ile njia ya vichochoro imepanuliwa, na kimgahawa kile kimekuwa duka la simu. Nikipita pale na mwavuli wangu mzima huwa napunguza mwendo, sijui kwa nini.

Basi, mwanangu, nije kwako. Usikubali kuulizwa tu utakuwa nani ukikua. Hilo hata mimi nisingelijibu. Jiulize umewahi kuhitajiwa wapi, na pale ulipohitajiwa, sehemu gani ilikupa nguvu na sehemu gani ilikutetemesha miguu. Utazame vizuri, kwa sababu watu wanaokupenda wanaweza kuona ulichofanya wakakipa jina lisilo lake. Usichukue somo ili ukae na rafiki yako. Rafiki wa kweli mtaonana mapumziko. Wala usiliache somo kwa sababu ya mwalimu mmoja mkali, maana yeye atahamishwa na wewe utabaki na pengo. Kabla ya kuchagua, waulize walimu wa huko uendako kila mchepuo unafungua nini na unafunga nini, na kama unaweza kubadili ukiona umekosea. Ukilazimika kurudi nyuma mwaka mmoja, rudi. Hakuna atakayekumbuka.

Na wazazi wako ukae nao ukiwa umetulia. Wanapokuamulia mara nyingi kuna hofu fulani nyuma yake, na hofu hiyo ni ya mapenzi. Itafute kwanza, uijibu hiyo, halafu sema lako kwa adabu. Lakini useme. Ukinyamaza ili kumpendeza mtu, hata yule unayempendeza hajui amepewa nini.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mwalimu atakayekuuliza kabla ya kukuambia, akupe ulimi wa kumjibu, na popote utakapokaa kusoma, hapa au nyumbani, akujaalie siku ambayo mtu aliyechoka atakugeukia na kukuambia, sasa naelewa.