Elsie na Prosesa Zilizongojeana
Elsie Ondiek, mwanahisabati wa Kitengela, alikokotoa mwendo wa maji yaliyo chini ya ardhi ya Isinya kwa mamia ya prosesa za kompyuta zilizogawana kazi. Hesabu ilipofika kwenye gridi ndogo, yaani ramani yenye nukta chache tu za kukokotoa, kazi ilikuwa haba, na prosesa zote zikapoteza muda kungojeana.

Mchana mmoja wezi wawili walivunja mlango wake.

"Lete laptop," mmoja alisema.

Elsie aliikumbatia. Wakampiga rungu mpaka mkono wa kulia ukavunjika, wakaondoka nayo.

Nakala ya programu ilikuwa chuoni kwake. Akiandika kwa mkono wa kushoto, akishtuka kila mlango ulipogongwa, aliziachia prosesa chache tu gridi ile ndogo. Hesabu iliyokuwa ikichukua siku nzima ikaisha kwa asubuhi moja. Alilia, kwa hasira zaidi kuliko furaha.